Mwenye Mteja

Simu ilipoita, Dada Mkubwa aliipokea kabla haijamaliza mlio wa kwanza, maana jina lililotokea kwenye kioo lilikuwa la mteja wake.

"Shikamoo, Mkurugenzi."

"Marahaba, Dada. Hamjambo huko? Watoto?"

"Wote wazima. Nikusaidie nini?"

Mkurugenzi akakohoa. "Si jambo kubwa. Mdogo wako yupo hapo karibu?"

Mdogo wake alikuwa karibu kiasi cha kurushiwa kalamu. Alikaa meza ya pili, viatu kavivua chini ya kiti, anakula karanga huku akichora visanduku na mishale kwenye kompyuta.

"Yupo kwenye kikao," Dada Mkubwa akasema. "Tena kikao kirefu. Una ujumbe?"

"Aa, basi. Nitampigia mwenyewe baadaye."

Simu ikakatika.

"Nani huyo?" mdogo wake akauliza bila kugeuka.

"Watu wa kuuza viwanja."

Uongo huo ulimtoka kwa ulaini uliomshangaza mwenyewe. Dada Mkubwa alizaliwa katika nyumba ambayo uongo ulikuwa kama uchafu wa kucha: hata ukiwa mdogo, mama aliuona. Baba yao alikufa mapema, akaacha mke msomi, mabinti wawili na jina safi. Mama hakuolewa tena. Alifundisha, akashona sare za wanawe kwa mkono wake, na kila asubuhi aliwakagua kola na soksi mlangoni, kisha akawaambia, "Nendeni, na mrudi na jina mlilotoka nalo." Dada Mkubwa ndiye aliyemshika mdogo wake mkono njia nzima ya shule, akambebea mkoba, akapigana na watoto waliomwita Kitinda kwa kuwa alikuwa kitindamimba. Jina likabaki hata hivyo, na sasa ofisi nzima ilimwita Kitinda, tena kwa mapenzi.

Ni yeye pia aliyemvuta Kitinda kwenye kampuni ile. Alimwonyesha tangazo la kazi, akamfundisha namna ya kukaa mbele ya wasaili, na siku ya usaili wenyewe akaomba ruhusa akabaki nyumbani, ili asije akatokea mtu wa kusema kwamba amembeba.

Kampuni yao ilikuwa moja ya zile kubwa za teknolojia ambazo mabango yake ndiyo ya kwanza kukupokea ukiingia mjini. Dada Mkubwa alipoanza, aliuza simu za mezani tu, akizunguka na sampuli begani hadi bega likainama upande. Baadaye zikaja kompyuta, kisha nyaya za kuziunganisha, kisha programu za hesabu na za mishahara, kamera za getini, vifaa vya kufuatilia malori. Kila kitu kilikuwa na muuzaji wake, na mteja mmoja aliweza kugongewa mlango asubuhi moja na wauzaji kadhaa wa kampuni ileile wasiojuana hata kwa sura. Ndipo wakubwa wakaja na neno jipya: mfumo mmoja. Mteja asinunue simu huku, hesabu kule, kamera kwingine. Anunue vyote kwetu, tuviunganishe viongee lugha moja, asaini mkataba mmoja, na kikiharibika chochote awe na namba moja tu ya kupiga.

"Sisi hatuuzi mashine," Dada Mkubwa alikuwa akiwaambia wakurugenzi, mikono ameiweka mezani kwa utulivu. "Tunauza usingizi. Kidole kimoja hakivunji chawa, na idara moja haiendeshi kampuni."

Walicheka, wakasaini. Hakuwaambia, nao hawakuuliza, kwamba aliyekwisha kuingia kwenye mfumo mmoja hutoka kwa taabu, kama mtu anayetaka kuhama na msingi wa nyumba.

Kazini mwenyewe aliitwa Mwenye Mteja. Katika biashara ile mteja mkubwa husemwa ni wa fulani, kama shamba, na aliyelima ndiye anayesimama mpakani. Wa kwake ilikuwa kampuni ya kusambaza dawa na vifaa vya hospitali. Aliijua tangu ikiwa chumba kimoja nyuma ya duka la vioo. Yeye ndiye aliyewauzia simu yao ya kwanza. Yeye ndiye aliyekaa na Mkurugenzi kwenye benchi la hospitali mkewe alipofanyiwa upasuaji, na siku hiyo hakutaja biashara. Alijua kwamba Mkuu wa Fedha, mwanamke mwembamba mwenye kicheko cha puani, hasalimiani na mkuu wa malori. Alijua nani apewe chai kwanza. Watu wa kampuni nyingine walipojaribu kupenya, walikuta viti vimekaliwa.

Kisha Kitinda akasomea usanifu wa mifumo. Katika mauzo ya namna ile, muuzaji hufungua mlango, msanifu huingia na kuonyesha nyumba itakavyokuwa. Siku ya kwanza alipopelekwa kwa mteja yule, Kitinda alichora ubaoni safari ya katoni moja ya dawa, kutoka kiwandani hadi kitandani kwa mgonjwa, na kila mahali katoni ile iliposubiri bila sababu akachora mtu amelala. Wakuu wa idara walicheka, kila mmoja akitafuta aliyelala kwake.

"Huyu mtoto mlimficha wapi?" Mkurugenzi akauliza.

Watu wote walimgeukia Dada Mkubwa kwa furaha, kama wanaompa pongezi. Naye alitabasamu hadi mashavu yakamuuma.

Tangu hapo simu zikabadilika njia. Mkurugenzi alimtafuta Kitinda, tena kwa sauti ya chini. Kitinda alitoka nje na simu, akasikika akicheka kwenye korido, akarudi na kuketi kama hakuna kilichotokea.

"Alitaka nini?"

"Ah, mambo madogo tu, Dada."

Mambo madogo. Neno hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Kwa miaka yote hiyo, mambo madogo ya Mkurugenzi yalikuwa yake. Makubwa yana mikutano, kila mtu hualikwa. Madogo huambiwa mtu wa ndani.

Mumewe, fundi wa miwani asiye na maneno mengi, alimsikiliza akiyarudia hayo wakati wa kukunja nguo, na wakati wa kuosha vyombo, na mlangoni akitaka kutoka. "Ungenionea mimi wivu wa namna hii," akasema, "ningenenepa."

"Si wivu. Kazi ina utaratibu wake."

"Basi utaratibu huo unakukondesha."

Jumapili yeye na Kitinda walikwenda kwa mama. Mama alikuwa amestaafu, lakini bado alikaa kitini kama anayesubiri darasa linyamaze.

"Kitinda ananiambia yule mteja wenu mnamwendea kwa mfumo mzima safari hii," alisema akimimina chai.

"Mteja wangu, mama."

"Ndiyo, mteja wenu."

"Wangu."

Mama alimtazama juu ya miwani, kisha akaendelea kumimina. "Jirani ameniuliza, eti yule mdogo ndiye bosi siku hizi? Nikamwambia wanangu hawana bosi, wana kazi."

"Mama nawe!" Kitinda akacheka. "Dada ndiye bosi. Mimi nachora tu."

"Anachora tu," Dada Mkubwa akadakia, "na watu wanampigia simu."

Ilitoka kwa sura ya utani, lakini kijiko chake kiligonga kikombe kwa nguvu kuliko sukari ilivyohitaji. Kitinda hakusikia. Mama alisikia.

Kabla ya kumwonyesha mteja mfumo, watu wa mauzo hufanya kikao wanachokiita ramani ya watu. Huchorwa ubaoni wakuu wote wa mteja, kisha huulizwa kwa kila mmoja: anaumwa wapi, anamsikiliza nani, na anaweza kutukwamisha vipi. Kikao kikiisha ubao hufutwa kabisa, maana ni mambo ya watu. Siku hiyo kiliongozwa na Bosi wa Mauzo, mwanamume aliyezoea kusimama hata wenzake wote wakiwa wameketi.

"Huu ndio mkataba wa mwaka," alisema. "Mfumo ukishafungwa, mteja huyu atakuwa na kiongozi mmoja tu upande wetu. Nimesikia majina mawili. Nitaamua baada ya maonyesho."

Hakumtazama mtu, ila kila mtu alijua majina hayo mawili yalitoka tumbo moja.

Dada Mkubwa alieleza mmoja baada ya mwingine, na chumba kikamsikiliza kama zamani. Alifika kwa Mkuu wa Stoo.

Huyu wafanyakazi wake walimwita Bwana Kufuli, kwa sababu ya funguo zilizomlia kiunoni kama njuga. Alikuwa mtu mkavu, wa maneno ya kuhesabika, mwenye jambo moja tu la kujivunia: haijawahi kusemwa kwamba stoo yake imepotelewa. Zamani wauzaji wa kampuni nyingine walikuja kuonyesha mfumo wao, wakatandaza hesabu za stoo ukutani mbele ya wakuu wote. Palipopishana na vitabu vya fedha pakawaka nyekundu. Wizi haukuwepo. Mzigo ulikuwa barabarani, karatasi zake mfukoni mwa dereva, na watu wa fedha walikwisha kuuandika. Lakini nyekundu ni nyekundu. Bwana Kufuli aliinuka, akasema, "Mmenivua nguo mbele za watu," akatoka, na mfumo wa wale jamaa haukuvuka mlango ule tena. Dada Mkubwa alikuwa kwenye korido siku hiyo, amefuata habari za simu. Ndiye aliyemletea maji.

Katika kampuni yao hakuna mwingine aliyejua hayo. Na kwenye meza palepale ulilala mchoro wa Kitinda: ukuta mzima wa kioo, stoo zote kwa pamoja, mbele ya wakuu wote.

"Na huyu wa stoo?" Bosi wa Mauzo akauliza, kalamu ikisubiri hewani.

"Huyo hana neno. Ni mtu wa kimya."

Kitinda aliinua kichwa. "Dada, hakuna kingine? Maana kila ninachomwuliza ananijibu 'sawa' tu. Naogopa."

"Ndivyo alivyo. Usiogope."

Hakutaka mkataba uanguke. Alitaka mdogo wake ajikwae tu, tena kidogo, mbele ya Mkurugenzi. Kisha yeye angeinuka, angemshika mzee mkono, angemrudisha kitini kwa maneno mawili matatu, na kila jicho lingeona mwenye mteja ni nani. Aliupanga mpango huo kama mtu anayekusudia kuangusha sahani, mikono ya kuidaka ameshaiweka tayari.

Siku ya maonyesho Kitinda alivaa suti ya buluu aliyoshonewa na mama. Mlangoni mwa ukumbi wa mteja alimshika dada yake mkono. Kiganja kilikuwa na jasho, kama kile cha njia ya shule.

"Dada, niombee."

"Nenda," Dada Mkubwa akasema.

Mwanzoni mambo yalikwenda kama maji mtelemkoni. Kitinda aliomba simu ya hospitali ya mfano ipigwe. Ikaita, na oda ikajiandika yenyewe kwenye kioo. Oda ikaingia stoo, stoo ikaita lori, nukta ya lori ikaanza kutembea kwenye ramani, na kwa Mkuu wa Fedha ankara ikatokea kabla hajavaa miwani. Mkurugenzi alipiga mkono mezani. Dada Mkubwa, kwenye kiti cha pembeni, aliona jinsi alivyomtazama Kitinda, akakumbuka kwamba hajawahi kupigiwa meza.

"Na sasa," Kitinda akasema, "stoo zote kwa pamoja."

Ukuta ukawaka. Safu kwa safu, palipopishana pakawa pekundu, na palipishana pengi.

"Kumbe!" Mkuu wa Fedha alicheka kwa pua. "Yote hiyo ni ya kwako, Bwana Kufuli? Mbona tumezungukwa na moto?"

Funguo zililia. Mzee alikuwa amesimama. Hakusema kitu safari hii. Aliutazama ukuta kama mtu anayetazama picha yake mwenyewe iliyobandikwa getini, akaanza kuelekea mlangoni.

Dada Mkubwa akainuka, kama alivyopanga. "Mzee wangu, tafadhali, hebu..."

"Usiniguse," Bwana Kufuli akasema. "Wewe ulikuwepo."

Mlango ukafungwa. Kitinda alibaki katikati ya ukumbi na kile kidude cha kubadilisha picha mkononi, nyekundu imemwangukia usoni.

Mkurugenzi hakumgeukia yeye. "Dada," akasema polepole, "ile mara ya kwanza ulikuwepo. Wewe ndiye uliyempa maji. Huyu mtoto hakuwepo. Kila ukija hapa unaniambia hakuna anayetujua kama wewe, nami nimekuamini miaka yote. Sasa niambie. Ulisahau, au ulinyamaza?"

Akisema alisahau, basi yeye hawajui watu wa mteja huyu, na miaka yote ya kujigamba ni upepo. Akisema alinyamaza, basi ni mtu gani? Alifungua mdomo, akaufunga. Jibu wakalisoma wote, na wa mwisho kulisoma alikuwa Kitinda.

Mkurugenzi akakusanya karatasi zake. "Mnataka kuziunganisha idara zangu. Kaziunganisheni meza zenu kwanza."

Kwenye maegesho jua lilikuwa kali na hakuna aliyelikimbia.

"Ulijua," Kitinda akasema.

"Nilijua."

"Kwa nini?"

"Anakupigia wewe!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka, mlinzi wa getini akageuza kichwa. "Kila siku anakupigia wewe. Mnacheka huko kwenye korido, mnanong'ona, mimi nauliza naambiwa mambo madogo."

"Nenosiri," Kitinda akasema.

"Nini?"

"Anasahau nenosiri lake, Dada. Kila akisafiri akirudi amelisahau, ananipigia nimfungulie. Aliniapisha nisikwambie. Anasema, 'Dada yako ananiheshimu, asije akaniona nimezeeka.'"

Siku nyingine wangekaa chini kwa kicheko. Siku hiyo hakucheka hata mmoja.

"Ulinibeba mgongoni nikiwa mdogo," Kitinda akasema, akitafuta funguo za gari bila kuziona, "ukangoja nikue, unitue matopeni mbele za watu." Akaingia garini, akaondoka.

Dada Mkubwa alikwenda kwa mama akidhani habari zimemtangulia. Hazikuwa zimemtangulia.

"Mdogo wako amekuja," mama akasema kabla hajaamkiwa. "Hajasema neno. Amelala mchana, jambo asilolifanya. Kwa hiyo najua kosa ni lako. Lingekuwa lake angelisema. Kaa."

Akakaa, akaeleza yote, macho kwenye mkeka. Alipomaliza, mama alivua miwani akaifuta kwa ncha ya kanga, ingawa haikuwa na doa.

"Yule mzee ana nini zaidi ya jina lake?"

"Hana, mama."

"Na mimi nilipowalea ninyi nilikuwa na nini? Aibu ya mtu umeifanya ngazi, mwanangu, tena ya kumpanda mdogo wako. Nenda kwa yule mzee, ukaombe radhi kwa mdomo wako, mdogo wako akisikia. Sitaki nyumba hii isemwe kwamba inalea watu wa kunyamaza."

"Kitinda hatakubali kwenda nami."

"Atakwenda. Mimi ndiye nitakayemwambia."

Walikutana getini mwa stoo, kila mmoja na gari lake. "Shikamoo, Dada," Kitinda akasema, kwa sauti ya mtu anayemwonyesha tiketi mkaguzi. Ndani kulinukia maboksi mapya. Majokofu ya chanjo yalinguruma kwenye kona, na mashine ya kuinulia mizigo ilipita ikilia pi, pi, pi. Bwana Kufuli alikuwa kwenye stuli yake nyuma ya waya.

"Leo mmekuja na ukuta gani?"

Hapakuwa na viti, wakataka kujishikiza kwenye rundo la katoni.

"Msikalie hizo. Sindano."

Wakaruka wote wawili kwa pamoja. Mzee hakucheka, lakini kidevu kilimcheza.

"Mzee wangu," Dada Mkubwa akaanza, "nimekuja kuomba radhi. Huyu hakujua habari zako. Mimi nilijua, nikanyamaza."

"Kwa nini?"

Angeweza kusema haraka za kazi, au mawazo mengi. Mdogo wake alikuwa pembeni anasikiliza. "Kwa wivu, Mzee."

Mpakiaji mmoja alisimamisha toroli yake. Bwana Kufuli aliinama mbele. "Wivu wa mume?"

"Wa mteja."

Mzee alimtazama yeye, akamtazama Kitinda, akazitazama katoni zake hadi darini. Kisha akaanza kucheka, kicheko kigumu kisichozoea kutoka, funguo zikimsindikiza. "Nimeishi, nimeona! Wanawake wawili na shahada zao wananigombea mimi na maboksi!" Akajifuta macho. "Haya, radhi nimeipokea. Ila ukuta ule siutaki. Mimi si mwizi."

"Hakuna mwizi, najua," Dada Mkubwa akasema. "Mzigo ukiwa barabarani, fedha wameshauandika, wewe hujaupokea. Karatasi zinakuja na dereva. Ule mfumo unajua maneno mawili tu, upo na haupo."

Kitinda alikuwa ameinua kichwa. "Karatasi zinakuja na dereva?"

"Siku zote."

"Njiani," Kitinda akasema, na kwa mara ya kwanza tangu maegesho akamtazama dada yake usoni. "Tuongeze neno la tatu. Kamera ya getini imemwona dereva akitoka, kifaa cha lori kinajua amefika wapi. Vyote vimo kwenye mfumo tayari. Sikuviunganisha na stoo kwa kuwa sikujua."

"Na hata hivyo aone yeye kwanza," Dada Mkubwa akaongeza. "Yeye na watu wake, kabla ya fedha. Penye kosa wasahihishe, ndipo hesabu ipande ukutani."

"Hilo linawezekana, Dada. Rahisi kabisa."

Bwana Kufuli aliitikia kwa kichwa taratibu. "Hiyo njiani yenu itakuwa na rangi gani?"

"Unapenda ipi, Mzee?"

"Yoyote. Si nyekundu."

Bwana Kufuli ndiye aliyemwomba Mkurugenzi awape nafasi nyingine, na maonyesho ya pili akayaendesha mwenyewe. Alibonyeza kwa kidole kimoja, kwa nguvu, kama anayejaribu kitasa, na ukuta ukajaa buluu ya mizigo iliyoko njiani. Mkuu wa Fedha aliutazama kwa muda, pua ikakosa la kucheka. Mkurugenzi alisaini stoo, malori na hesabu. Mishahara, akasema, ingoje kwanza aone.

Ofisini Bosi wa Mauzo alisimama mbele yao, akavuta pumzi ya kutangaza kiongozi.

"Kitinda," Dada Mkubwa akasema kabla yake. Alilisema upesi, kama mtu anayemeza dawa chungu ulimi usipate kuonja.

Katika ukoo wao hupendwa kusimuliwa kwamba wivu uliisha pale, nao ni usimulizi mzuri. Haukuisha. Aliendelea kujua, hata akiwa amempa mgongo, ni lini simu ya Kitinda inaita na inaita kwa mlio gani. Kadi mpya za Kitinda, zenye cheo chake cha kiongozi, zilipoletwa kutoka kiwanda cha uchapaji, alizisifu, kisha akaenda maliwatoni akafungua bomba, akalifunga, akarudi. Ila hakunyamaza tena. Kila alichokijua kuhusu mteja yule alikitoa, hata nani apewe chai kwanza, na kila alipokitoa aliona kama anamwaga maji ya mtungi wake kwenye mtungi wa mwingine.

Asubuhi moja simu yake iliita.

"Shikamoo, Mkurugenzi."

"Marahaba, Dada. Hamjambo? Watoto?" Kikohozi. "Nimejaribu kwa mdogo wako, haipatikani. Yupo hapo karibu?"

Kitinda alikuwa meza ya pili, viatu chini ya kiti, kikombe cha karanga pembeni. Simu yake ilikuwa imezimika chaji. Na kufungua nenosiri Dada Mkubwa alikwisha kujua, ni kubonyeza mara chache tu. Angeweza kusema, "Nieleze mimi." Aliikumbatia simu kifuani kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kisha akanyoosha mkono juu ya meza.

"Kitinda," akasema. "Mteja wako."

Kitinda alifuta chumvi vidoleni, akaipokea, na kwa mkono mwingine akakisukuma kikombe cha karanga upande wa dada yake. Hakutoka kwenda koridoni. Dada Mkubwa akachukua moja, akaitafuna polepole, akisikiliza kila neno.